UZI: Jinsi ubongo unavyogawa umakini, na kwa nini mgonjwa wa kiharusi anaweza kuupoteza upande mzima wa kushoto

#1 (Mtoa mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba nianze na sahani ya wali.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini Tanga kwa zaidi ya miaka 40, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kanzu, kazi isiyomsamehe fundi asiyetazama, kwa maana darizi ya shingoni ikipinda kidogo tu mteja huiona kabla hajaivaa. Alipata kiharusi katika nusu ya kulia ya ubongo. Mkono na mguu wa kushoto vililegea, na hilo tulilitarajia, kwa sababu tulikwisha kuelezwa kwamba kila nusu ya ubongo huendesha upande wa pili wa mwili. Tusilolitarajia lilijitokeza siku chache baada ya kumrudisha nyumbani. Alikuwa akila wali wa upande wa kulia wa sahani na kuuacha wa kushoto, kana kwamba sahani imegawanywa kwa kisu, kisha akimlalamikia mama kwamba siku hizi anapunjwa chakula. Alinyoa ndevu za shavu la kulia, akajitazama kwenye kioo, akaridhika. Shangazi yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alikaa kushoto kwake akamsalimu mara tatu bila kuitikiwa, akaondoka na uchungu akisema kwamba mdogo wake amemnunia hata akiwa mgonjwa.

Hospitali tuliyokwenda kwanza tuliambiwa kwamba ni macho. Tukanunua miwani, na miwani haikubadilisha chochote. Siku moja mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akija nyumbani alikuta baba ameisukuma sahani mbali, akaitazama, akaizungusha nusu mduara, wala hakusema neno. Baba akavuta sahani karibu, akala wali uliobaki, akamshukuru mama kwa kumwongezea.

Nimekuwa nikisoma kuhusu jambo hili kwa karibu miaka mitatu sasa. Ninaliandika hapa kwa sababu ninaamini zipo nyumba nyingi ambamo mzee wa namna hii anaitwa mkaidi, au inadhaniwa amerogwa, na kwa sababu hakuna jambo jingine lililonifundisha waziwazi kama hili kwamba umakini si nyongeza ya kuona. Mimi nilidhani mtu huona kwanza, kisha akachagua la kuzingatia. Baba alinionyesha kwamba mpangilio huo si kweli: pale ambapo ubongo haukupeleka umakini, kwa mwenye ubongo huo hakuna kitu, wala hakuna nafasi tupu inayomjulisha kwamba kuna kitu kinakosekana.

Lugha yetu inapata shida hapa. Nikisema baba «alipuuza» upande wa kushoto, nimemsingizia, kwa sababu anayepuuza amekwisha kuona na ameamua. Nikisema «alisahau», maana yake aliwahi kuwa nacho akilini. Nikisema «hakuona», nimerudi kwenye macho, na macho yake yalikuwa mazima. Katika uzi huu nitatumia maneno «kupotelewa na upande», na mwenye neno bora zaidi nitamshukuru akilileta.

Ushahidi ulionishawishi kuliko wote kwamba tatizo haliko machoni ulitoka Milano, Italia, mwaka 1978. Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti walikuwa na wagonjwa wawili wa aina hii, wote wenyeji wa mji huo na wote wakiujua vyema uwanja mkubwa ulio mbele ya kanisa kuu. Hawakuonyeshwa picha yoyote. Waliombwa tu wafikirie kwamba wamesimama upande wa pili wa uwanja wakilitazama kanisa, kisha wataje majengo yanayouzunguka. Walitaja zaidi yale ya mkono wa kulia. Halafu wakaombwa wafikirie kwamba wamevuka uwanja, wamesimama kwenye mlango wa kanisa na kutazama walikotoka. Sasa wakataja majengo yaleyale waliyoyaacha mwanzo, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa kulia kwao, na yale waliyoyataja dakika chache kabla yakatoweka. Kumbukumbu ya uwanja mzima ilikuwamo kichwani, ila kilichoshindikana ni kuufikia upande wa kushoto wa picha ambayo ubongo wenyewe ulikuwa umeichora.

Nilipoyasoma hayo nilikwenda kukaa na baba, upande wake wa kulia, nikamwomba afikirie amesimama mlangoni mwa duka lake akitazama ndani. Akataja meza ya kukatia, pasi ya mkaa ambayo hakuwahi kukubali kuitupa, na rafu ya nyuzi. Nikamwomba afikirie amekaa kwenye kiti chake cha kazi nyuma ya duka, akitazama barabarani. Akataja cherehani ya pili, kioo cha wateja na kalenda. Meza ya kukatia, aliyoisimamia kwa miaka yote hiyo, haikuwamo. Nilitoka nje nikakaa barazani kwa muda mrefu.

Sasa tujiulize ubongo huwa unafanya nini usipoumia. Wahenga walisema macho hayana pazia, na kuhusu macho yenyewe walisema kweli: chandarua, taa, uso wa mjukuu na nzi aliye ukutani, vyote huingia kwa pamoja. Pazia liko ndani zaidi, na limeumbwa kwa ushindani. Katika maeneo ya ubongo yanayochambua maumbo na rangi, kila seli ya neva huchungulia dirisha pana la ulimwengu, kwa hiyo vitu viwili vikiingia katika dirisha moja vinagombania seli ileile. Mwaka 1985, nchini Marekani, Jeffrey Moran na Robert Desimone waliwafundisha nyani kukaza macho mahali pamoja bila kuyahamisha, huku wakizingatia kimoja kati ya vitu viwili vilivyomo ndani ya dirisha la seli moja. Kimoja kilikuwa cha aina inayoiamsha seli hiyo, cha pili hakikuwa. Nyani alipozingatia kile cha kwanza, seli ilitoa ishara kwa nguvu. Alipozingatia cha pili, ishara zikapungua sana, ingawa mbele ya macho yake hakuna kilichobadilika. Seli ilikuwa ikifanya kazi kana kwamba kile kisichozingatiwa hakipo.

Ushindani huo unahitaji mwamuzi, na mwamuzi huyo si mmoja wala hakai mahali pamoja. Mbele ya ubongo kuna eneo linaloongoza mwendo wa macho. Mwaka 2003 Tirin Moore na Katherine Armstrong walilipitishia eneo hilo umeme mdogo mno, usiotosha kuyasogeza macho ya nyani, na seli za eneo la maumbo na rangi zilizokuwa zikichungulia sehemu ileile ya ulimwengu zikaongeza mwitikio wake. Kwa hiyo njia inayoamuru jicho liende wapi na njia inayoamuru umakini uende wapi zinachangia shina, ingawa zinaweza kuachana: muuza nyanya sokoni hukutazama usoni akikurudishia chenji, na wakati huohuo umakini wake uko kwa mtoto anayepapasa fungu la pembeni.

Juu na nyuma kidogo ya sikio, katika eneo linaloitwa parieto, ndiko kunakotunzwa ramani ya nafasi inayosema kipi ni muhimu na kiko wapi, na majeraha ya eneo hilo pamoja na ya nyuzi zinazoliunganisha na sehemu ya mbele ndiyo mara nyingi huleta hali aliyoipata baba. Maurizio Corbetta na Gordon Shulman, katika makala yao ya mwaka 2002, walieleza mitandao miwili. Mmoja, wa juu zaidi, hupeleka umakini pale mtu anapotaka. Wa pili, wa chini yake na unaoegemea zaidi upande wa kulia, hukatiza kazi ya ule wa kwanza linapotokea jambo la ghafla lenye uzito, kama mlio wa breki nyuma yako unapokuwa umezama katika mazungumzo. Tukisema «akili imehama», mara nyingi ni huu wa pili umemnyang'anya usukani ule wa kwanza.

Nitaishia hapa kwa sasa. Maswali yanakaribishwa.

#2

Asante sana mtoa mada, na pole kwa ugonjwa wa mzee. Mimi nina mjomba aliyepata kiharusi, naye anagonga vitu vya kushoto, lakini sahani yake humaliza yote. Daktari wa macho alituambia kwamba nusu ya uwanja wake wa kuona imepotea. Je, huo si ugonjwa uleule kwa jina jingine? Kama sivyo, mtu wa kawaida nyumbani atautofautisha vipi?

#3 (Mtoa mada)

Ndugu yangu, swali lako ndilo lililotugharimu sisi bei ya miwani, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Ni magonjwa mawili, ingawa mtu mmoja anaweza kuyapata yote kwa pamoja. Mjomba wako amekatikiwa na njia inayopeleka habari za macho nyuma ya ubongo. Anajua kwamba kushoto kuna kitu asichokiona, na kwa sababu anajua, hugeuza kichwa, hutafuta, hupapasa, na ndiyo maana sahani anaimaliza. Baba yangu habari za macho zilimfika, lakini hakuna kilichomwambia atafute. Ukimsikiliza mgonjwa akijieleza utaisikia tofauti hiyo: wa kwanza hulalamika kwamba haoni, wa pili hulalamika kwamba chakula ni kidogo.

Yako majaribio ya karatasi ambayo wataalamu huyatumia, nayo hayahitaji mashine. Mgonjwa hupewa mstari mrefu wa kulala aweke alama katikati yake, na aliyepotelewa na upande wa kushoto huiweka mbali kulia. Huombwa achore saa ya mshale, naye hupanga tarakimu zote 12 katika nusu ya kulia, au huacha kabisa zile za kushoto. Hupewa karatasi iliyojaa vistari vidogo avikate vyote, naye huvikata vya kulia na kusema amemaliza. Karatasi ya baba ya siku ile bado ninayo.

Na kwamba habari huingia bila mwenyewe kujua, kuna kisa cha mwaka 1988 kilichoandikwa na John Marshall na Peter Halligan. Mama mmoja alionyeshwa michoro miwili ya nyumba, mmoja juu na mwingine chini yake, inayofanana kila kitu isipokuwa kwamba upande wa kushoto wa mmoja ulikuwa ukiwaka moto. Alisema hazina tofauti. Alipoulizwa angependa kuishi katika ipi, aliliona swali halina maana, lakini mara nyingi zaidi alichagua ile isiyowaka. Moto ulimfika mahali fulani ndani ya ubongo wake, ila haukupanda hadi alipoweza kuusema.

#4

Mtoa mada, nimesoma kwa machozi. Mama yangu ana hali hii hasa. Lakini kuna jambo linatutatiza: gazeti hawezi kulisoma, anasema waandishi wa siku hizi wanaandika upuuzi usioeleweka, ilhali Msahafu anausoma bila shida yoyote. Watu wa nyumbani wanasema anajifanyisha.

#5 (Mtoa mada)

Dada yangu, hajifanyishi, na ninakuomba uwaambie hivyo leo hii.

Gazeti la Kiswahili huanzia kushoto. Aliyepotelewa na kushoto huanza kusoma kila mstari katikati, kisha anahamia katikati ya mstari unaofuata, na kinachopatikana ni vipande visivyoungana. Kwa kuwa hajui kwamba ameruka, lawama humwangukia mwandishi. Msahafu huanzia kulia. Mwanzo wa kila mstari uko pale ambapo umakini wake unafika bila kusukumwa, na kinachopotea ni mwisho wa mstari. Sasa, mtu aliyesoma chuoni tangu utotoni amehifadhi sehemu kubwa ya anachokisoma, kwa hiyo mwanzo wa aya huivuta aya nzima kutoka kwenye kumbukumbu na ulimi unaukamilisha mstari ambao jicho halikuufikia. Baba yangu alikuwa vivyo hivyo. Nililigundua nilipompa kitabu cha Kiarabu asichokijua: mwanzo wa mistari aliusoma, na miisho akaiacha, kimya, bila kusita.

Kwa gazeti tulifanya hivi, kwa maelekezo ya mtaalamu yule. Tulipiga mstari mnene mwekundu pembeni kushoto kwa ukurasa mzima, tukamfundisha kwamba asianze kusoma mstari wowote kabla hajauona wekundu. Wiki za mwanzo ilibidi mtu akae naye na kumkumbusha kila mstari, nayo ni kazi inayochosha pande zote mbili. Msingi wake ni kwamba umakini una milango miwili. Ule wa ghafla, unaofunguka wenyewe, kwa baba ulikuwa umeharibika upande huo, lakini ule wa makusudi ulikuwa bado unaweza kusukumwa kwa amri ya maneno, kwa mazoezi, hadi amri ikawa mazoea.

#6

Naomba kuuliza kwa heshima. Kila kisa mnachokitaja ni kushoto. Kama ubongo una nusu mbili zinazolingana, tungetarajia waliopata kiharusi nusu ya kushoto nao wapotelewe na upande wa kulia kwa idadi ileile. Je, si kwamba tu wale wa nusu ya kushoto hupoteza usemi, hivyo hawawezi kutueleza?

#7 (Mtoa mada)

Hoja nzuri, na watafiti wenyewe wameipima. Upande wa kulia hupotea pia, na usemi uliopotea huficha baadhi ya visa, lakini hata vipimo visivyohitaji maneno, kama kukata vistari kwenye karatasi, vinaonyesha kwamba kupotelewa na kushoto ni kukali zaidi na hudumu zaidi.

Yapo maelezo mawili makubwa. La kwanza, lililoshikiliwa na Kenneth Heilman na pia Marsel Mesulam, ni kwamba nusu ya kulia ya ubongo hulinda pande zote mbili za nafasi, ilhali nusu ya kushoto hulinda kulia peke yake. Ukiipoteza nusu ya kushoto, ya kulia inaziba pengo. Ukiipoteza ya kulia, kushoto hakubaki mlinzi. La pili, la Marcel Kinsbourne, ni kwamba nusu mbili zinavutana kama timu mbili za kuvuta kamba, kila moja ikivuta umakini upande wake wa pili na kuizuia mwenzake. Timu moja ikidhoofika, kamba haibaki katikati, bali huenda yote upande mmoja.

Mimi ninaona la pili linaeleza vizuri zaidi kile tulichokiona nyumbani, kwa sababu baba hakuwa tu amekosa kushoto: alikuwa amenaswa kulia. Televisheni ilikuwa kulia kwa kitanda chake, na ikiwashwa hata mguso wa mama kwenye bega la kushoto haukumfikia. Michael Posner na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1984 kwa wagonjwa walioumia parieto. Ishara ikiwaita kushoto, waliweza kwenda. Lakini ishara ikiwaita kwanza kulia, kisha kitu kikatokea kushoto, walichelewa mno, kana kwamba umakini umegandishwa na gundi. Mwaka 1988 Mark, Kooistra na Heilman walifanya jambo jepesi ambalo ninalipenda sana: badala ya kuwaambia wagonjwa wakate vistari kwa kalamu, waliwaambia wavifute. Kila kistari cha kulia kilipofutwa, kilitoweka na hakikubaki kuwanasa, na wagonjwa wakafika mbali zaidi kushoto kuliko walivyofika kwa kukata. Tulihamisha televisheni siku nilipolisoma hilo, na wakati wa chakula tukawa tunafunga pazia la dirisha la kulia.

#8

Mimi ni muuguzi. Ninaongeza jambo moja dogo: wagonjwa hawa huwa wabaya zaidi jioni, wakichoka, na familia hudhani kiharusi kimerudi. Je, mtoa mada umekutana na maelezo yake?

#9 (Mtoa mada)

Ndiyo, na ninakushukuru kwa kulileta, kwa kuwa niliuacha upande huo katika andiko la kwanza.

Umakini una ngazi ya chini kuliko kuchagua, nayo ni kuwa macho tu. Katika shina la ubongo kuna kidoa kidogo cha seli ambacho jina lake la Kilatini lina maana ya mahali pa rangi ya buluu, na seli zake husambaza noradrenalini, kemikali inayouamsha ubongo, karibu ubongo mzima. Mtu akisinzia, kidoa hiki hunyamaza. Akishtuka, hulipuka. Kwa mtu mzima wa afya uchovu humpunguzia kila upande, lakini kwa mwenye mizani iliyokwisha kuinama, uchovu huinamisha zaidi upande uleule, kwa sababu mtandao wa kulia unaounganisha kuchagua na kuwa macho ndio ulioumia. Mwaka 1998 Ian Robertson na wenzake walithibitisha upande wa pili wa jambo hili: waliwapigia wagonjwa sauti ya ghafla muda mfupi kabla ya kuwaonyesha vitu, na kwa kitambo kifupi ule upungufu wa upande wa kushoto uliondoka. Sauti haikuwaelekeza kushoto. Iliwaamsha tu.

Sisi tumehamishia mazoezi yote asubuhi, baada ya chai. Na kabla ya kumwambia baba jambo la maana tunapiga kofi moja mezani, kwa adabu, naye amekubali.

#10

Nimefuatilia kwa makini. Sisi wazima tusijisifu sana, maana nilisoma kwamba watu wazima wa afya hukosa kuona hata mnyama mkubwa akipita mbele yao. Ni kweli?

#11 (Mtoa mada)

Ni kweli. Daniel Simons na Christopher Chabris mwaka 1999 waliwaomba watu wahesabu pasi za mpira katika video fupi, na katikati yake mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita kati ya wachezaji. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Kwenye kusikia ni hivyo hivyo: mwaka 1953 Colin Cherry aliwapa watu hotuba mbili, moja kila sikio, wakiifuatisha moja kwa sauti, na wengi hawakugundua kwamba ile nyingine ilibadilika kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani. Ila Neville Moray mwaka 1959 alionyesha kwamba jina la msikilizaji mwenyewe likitajwa kwenye sikio lisilozingatiwa, takriban theluthi moja hulisikia. Ninalitaja kwa sababu tulilijaribu: shangazi alipoacha kusema «hujambo» na kuanza kumwita baba kwa jina la utotoni ambalo yeye peke yake hulitumia, baba aligeuka kushoto kwa mara ya kwanza.

Tofauti yetu na yeye ni kwamba sisi tukiambiwa «tazama tena», tunamwona sokwe.

#12

Kuna tiba au ni kumzungushia sahani tu? Nimesikia habari za miwani maalumu na za maji sikioni.

#13 (Mtoa mada)

Wengi hupata nafuu kubwa katika miezi ya kwanza, ubongo unapotulia. Mazoezi ya kutafuta kushoto, niliyoyaeleza, na kumfanya mgonjwa ausogeze mkono wa kushoto hata kidogo kabla ya kila kazi, ndiyo msingi.

Miwani uliyoisikia ni ya prizimu, yaani vioo vinavyopinda mwanga, na iliandikwa mwaka 1998 na Yves Rossetti na wenzake wa Lyon, Ufaransa. Miwani husogeza kila kinachoonekana nyuzi 10 kulia. Mgonjwa huonyesha vitu kwa kidole, mwanzo hukosea kwenda kulia, kisha mkono hujirekebisha kwenda kushoto. Miwani ikivuliwa, ule urekebishaji hubaki kwa muda, nao huvuta umakini kushoto, na katika utafiti ule nafuu ilidumu kwa saa 2 au zaidi. Tafiti zilizofuata zimetoa matokeo yanayotofautiana, kwa hiyo asije mtu akakuuzia kama dawa ya uhakika. Maji baridi yakiingizwa sikio la kushoto huamsha mfumo wa mizani ya mwili, na upande uliopotea hurudi, lakini kwa dakika chache tu. Ni jambo la maabara. Msilifanye nyumbani.

#14

Swali la mwisho kwangu. Kaka yangu ni dereva wa bodaboda, alipata hali hii mwaka jana, sasa anakula vizuri, anasoma, anaitikia kila upande. Anataka kurudi barabarani. Tumruhusu?

#15 (Mtoa mada)

Ndugu yangu, asirudi kabla hajapimwa na mtaalamu wa magonjwa ya neva, na kabla ya hapo kuna kipimo kimoja mtakachokielewa ninyi wenyewe.

Mkae mbele yake, akutazame puani. Nyanyua mikono yote miwili pembeni, utikise kidole cha kushoto kwake peke yake. Atakiona. Tikisa cha kulia peke yake. Atakiona. Sasa tikisa vyote viwili kwa wakati mmoja. Baba yangu, miezi 14 baada ya kiharusi, sahani akiimaliza na gazeti akilisoma, katika kipimo hiki bado alikuwa akikiona cha kulia tu, na ukimwuliza alikuhakikishia kwamba hukutikisa kingine. Kidole kikiwa peke yake hakina mshindani, kwa hiyo hata umakini dhaifu unakifikia. Kikipata mshindani kulia, kinazimwa.

Nyumbani kwenu, mchana, watu wakiongea mmoja mmoja, kaka yako anaonekana amepona. Kwenye makutano ya barabara kuna daladala kulia, mataa, mteja nyuma anayesema na simu, na muuza maji anayekatiza, na vyote vinashindana kwa mara moja. Kama naye kidole cha kushoto kinazimwa, gari linalotokea kushoto anaweza asilione, wala asijue kwamba kulikuwa na cha kuona. Na kumbukeni kwamba kwetu tunaendesha kushoto: waenda kwa miguu na watoto wa shule wanaotembea pembeni mwa barabara wako upande huo huo.